Aliyezaliwa Nyarugusu



Ndugu wasomaji, barua tuliyoichagua juma hili imetoka Katoro, mkoani Geita. Mwandishi wake ni dada aliyeolewa miaka tisa iliyopita, mama wa watoto watatu. Mumewe ni mchimbaji mdogo aliyezaliwa Nyarugusu, palepale penye maduara ya dhahabu. Baba wa mume huyo alitoka Burundi akiwa kijana kutafuta kibarua. Mama yake ni Msumbwa wa Ushirombo. Kwa miaka yote tisa hakuna aliyeyajali hayo. Sasa kaka zake dada huyu wamemtaka aombe khului ajivue katika ndoa kabla haijaja "operesheni nyingine", kwa hoja kwamba ndoa na asiye raia haina nguvu na kwamba watoto watahesabiwa wageni. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli. Nikaha iliyofungwa kwa walii, mashahidi, mahari na ridhaa haivunjwi na kitambulisho, wala Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimkatazi Mtanzania kuolewa na mgeni. Watoto nao wamezaliwa hapa na mama Mtanzania, na hilo linawatosha. Khului ni mlango aliofunguliwa mwanamke anayeona dhara ndani ya ndoa yake; hakufunguliwa mlango huo ili kaka zake wamsukume kupita.

Ningeweza kuishia hapo, lakini katikati ya barua kuna maneno yaliyonizuia. Dada anaeleza kuwa kaka zake hao hawajawahi kukubaliana kwa lolote. Mkubwa ni mtu wa CCM na mpenzi wa hayati Rais Magufuli, ambaye hataki asemwe hata kwa nusu neno. Mdogo ni wa upinzani, na kwake utawala ule ulikuwa wa mkono wa chuma. Husema kuwa tangu Kikwete aondoke nchi haijapata rais muungwana. Kila baada ya Isha hubishana mpaka majirani wakasikia. Jambo pekee walilokubaliana ni hili la shemeji yao.

Basi tuutazame ubishi huo kwa matukio yenyewe, maana kila mmoja wao amechukua nusu ya habari.

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke kwa hiari. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Hofu iliyoizaa ilikuwa ya kweli: wanaokumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi kupita mapori ya Biharamulo hawahitaji kuelezwa ujambazi ni nini. Lakini ilikuja pia miezi michache baada ya Rais huyo kuishauri Rwanda, huko Addis Ababa mwezi Mei, izungumze na waasi wa FDLR, na Kigali kukasirika. Hapo barazani ikawa vita ya mapenzi. Aliyempenda Kikwete aliona rais anayelinda nchi, na aliyemchukia aliona rais anayelipiza kisasi kwa Kagame kupitia migongo ya wachunga ng'ombe. Wakati wakibishana, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kurudi Burundi, Rwanda na Uganda. Baadhi yao walikuwa wameishi hapa miongo mingi. Baadhi waliacha wake, waume na watoto nyuma. Upande wa Rwanda walipokewa katika kambi za muda za Kiyanzi na Rukara.

Rais huyo huyo, mwaka uliofuata, aliwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 pamoja na watoto wao, watu zaidi ya 162,000. Kaka mdogo anaikumbuka 2014 na kuisahau 2013. Julai 2017, Rais Magufuli akiwa Ngara pamoja na Rais Nkurunziza, alisimamisha utoaji wa uraia kwa wakimbizi wa Burundi na kuwataka warudi kwao, na mwaka 2019 serikali yake ikakubaliana na Burundi kuanza kuwarejesha. Kaka mkubwa huyataja hayo kama ushujaa. Nami namwelewa anakotoka. Mtu wa Geita aliyeona mwanzoni mwa 2019 wachimbaji wadogo wakiondolewa kodi iliyowaelemea, na mwezi Machi soko la dhahabu likifunguliwa mjini, hawezi kuambiwa kuwa mapenzi yake kwa mtoto wa Chato ni ujinga. Ila mapenzi hayo hayajibu swali la nani alisikilizwa kabla ya kuondolewa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna kisa cha upande wetu ambacho wabishi wa vyama wamekiacha. Mwezi mmoja tu baada ya Kimbunga kuanza, yaani Oktoba 2013, ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nayo ilikuja na vipigo, mateso na vifo vya raia, ikasitishwa. Bungeni wabunge wa CCM na wa upinzani walipiga kelele kwa sauti moja, kamati ikachunguza, na taarifa yake ikasomwa tarehe 20 Desemba na James Lembeli, mbunge wa Kahama, wakati huo wa CCM. Mbunge wa chama tawala alisimama mbele ya serikali ya chama chake akaeleza yaliyowapata watu. Jioni ile mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: Kagasheki aliyejiuzulu mwenyewe, pamoja na Nchimbi, Nahodha na Mathayo. Mwaka uliofuata Rais akaunda tume iliyoongozwa na Jaji Msumi. Kwamba Lembeli alikuja kuhamia Chadema mwaka 2015 ni habari nyingine. Taarifa ile aliisoma akiwa na kadi ya kijani.

Nchimbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye dhamana ya polisi na Uhamiaji. Aliondoka kwa sababu ya Tokomeza. Kwa sababu ya Kimbunga hakuondoka waziri yeyote. Operesheni mbili, rais mmoja, mwaka mmoja, vyombo karibu vilevile. Waliopigwa katika Tokomeza walikuwa wapiga kura wenye mbunge wa kuwalilia. Waliosombwa katika Kimbunga walikwishaitwa si raia, na aliyekwisha kuitwa hivyo hana jimbo. Kama jina hilo lingekuwa halikosei, tungesema sheria imefuata mkondo. Je, lilikuwa halikosei?

Ukanda wetu huu haukujazwa watu jana. Mgodi wa wakoloni wa Geita ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa 1966, na kwa miaka hiyo yote ulikula nguvu za vibarua wa pande nyingi. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ya Urundi hadi Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Muhangaza na Mrundi walitenganishwa na kalamu, wala si na lugha. Wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuja kuanzia mwaka 1959 walipewa uraia mwaka 1980, watu wapatao 36,000, lakini si kila mmoja alishika cheti mkononi, na wajukuu wao wengi hawajui karatasi ilibaki ofisi gani. Katika hali hiyo mwananchi hutambuliwa kwa nini? Kwa pua? Kwa urefu? Kwa lafudhi ya "r" na "l"? Sisi watu wa Shinyanga tusijifanye hatujui hukumu ya sura inavyofanya kazi. Hapa kwetu bibi vizee wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulitokana na moshi wa kuni.

Tazameni hata jina la Nyarugusu. Iko Nyarugusu ya Geita, ya wachimbaji, na iko Nyarugusu ya Kasulu, Kigoma, ambayo ni kambi ya wakimbizi tangu 1996. Mtu akisema "nimezaliwa Nyarugusu" mbele ya afisa mwenye haraka, nusu ya kesi imekwisha kuamuliwa.

Wala mtu asidhani kadi ya chama ni kinga. Mwaka 2001, chini ya Rais Mkapa, watu wanne walitangazwa kuwa si raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Mwingine balozi, Timothy Bandora. Mwingine kiongozi wa CCM Kagera, Anatoli Amani, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Bukoba. Chini ya Magufuli, Askofu Niwemugizi wa Rulenge-Ngara aliitwa na Uhamiaji kueleza uraia wake baada ya kusema kuwa nchi inahitaji katiba mpya. Huyo si wa dini yetu, na ndiyo maana namtaja.

Siku hizi vijana barazani wamepata na rais wa mbali wa kubishania. Wapo wanaomsifu Trump kwa jinsi maafisa wake wanavyowakamata wageni majumbani na makazini, wakitamani tupate wa namna hiyo. Juni 2025 alipotia saini amri ya kuzuia watu wa Somalia na kuwabana wa Burundi, walisema hayo si yetu. Vijana hao hao wana ndugu Minnesota na Texas.

Na kwetu, mwisho wa Julai 2025, Wizara ya Viwanda na Biashara iliwapiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, uchimbaji mdogo wa madini ukiwemo. Siipingi, Sheria ya Madini ya 2010 tangu zamani ilikwishaweka leseni ndogo kwa Watanzania. Ninachokiona ni kwamba swali "huyu ni raia?" sasa lina thamani ya fedha mlangoni mwa duara. Wenye hisa watano wakigombana juu ya mifuko ya mawe, ni rahisi mno mmoja wao kukumbuka ghafla kwamba mwenzake ana baba Mrundi. Sitaki kuwadhania vibaya kaka wa dada yetu, lakini nimesoma mara mbili mahali anapoandika kuwa mumewe na kaka mkubwa wana duara moja.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Imesema mtu. Hilo ndilo ningependa kaka hawa wawili walibishanie baada ya Isha, kila mmoja akimpima rais wake mwenyewe kwanza.

Sasa turudi kwenye karatasi, dada yangu, kwa kuwa muda ni mali. Kaka zako wamehesabu baba wa mumeo wakamwacha mama yake. Aliyezaliwa ndani ya nchi hii na mzazi mmoja raia ni raia wa kuzaliwa, awe mzazi huyo ni mama au baba, ilimradi hakuchukua uraia wa nchi nyingine. Kwa hiyo kazi ya mumeo ni kuthibitisha mambo mawili: kwamba alizaliwa Nyarugusu ya Geita, na kwamba yule Msumbwa wa Ushirombo ni mama yake. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji alikozaliwa apate barua, kisha aende kwa msajili wa vizazi wilayani akaombe kusajiliwa kwa kuchelewa. Achukue kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha shule ya msingi, kiapo cha mjomba wa Ushirombo, na wazee wawili waliomjua mama yake akiwa mjamzito. Wazee hao wanazidi kupungua. Cheti kikipatikana, ndipo aende NIDA.

Cheti chenu cha ndoa toeni nakala tatu na moja mwachieni imamu wa msikiti wenu. Watoto watatu wote wawe na vyeti vya kuzaliwa mwezi huu, na kwa aliye chini ya miaka mitano usajili ni bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata.

Neno moja kwa akina dada wengine, ambao waume zao kweli ni wageni pande zote mbili. Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia njia mke mgeni wa Mtanzania kuomba uraia kwa ndoa yake. Mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania hakufunguliwa njia hiyo. Yeye ataomba kibali cha ukaazi, na akitaka uraia atapita njia ndefu ya mgeni yeyote. Kibali hicho kina gharama na kina tarehe ya mwisho. Iandikeni ukutani.