Kaz yangu anajua Kiwelisi, mimi sijui lugha ya shosh

Kaz yangu alihamia Wales miaka miwili iliyopita kuhudumia wazee. Sisi huku Umoja tulidhani anaenda ile Uingereza ya kwenye runinga, ya London na treni za chini ya ardhi. Kumbe alitua kijijini Gwynedd, kaskazini magharibi mwa Wales, pahali kondoo wamewazidi watu, mvua imepewa uraia, na basi likikuacha unangoja masaa mawili. Neno la kwanza alilosoma barabarani lilikuwa ARAF, limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye lami. Akadhani ni jina la mtu. Maana yake ni polepole.

Mwezi wa kwanza kazini alipewa nyanya mmoja wa miaka tisini hivi, mgonjwa wa kusahau. Huyo nyanya alifunzwa Kizungu shuleni na akakitumia maisha yake yote dukani na hospitalini. Ugonjwa ulipozidi, Kizungu kikafutika, ikabaki lugha aliyonyonya. Hii hutokea kwa wazee wengi wenye lugha mbili, ile iliyoingia nyuma ndiyo hutangulia kutoka. Sasa kila alasiri nyanya alikuwa anasema neno moja tu, panad, panad, mpaka machozi yanamtoka. Kaz akamletea blanketi. Akamgeuzia mto. Akampeleka msalani. Nyanya bado panad. Siku binti yake alipokuja kumwona ndipo akaeleza kwamba mama anataka kikombe cha chai.

Chai, wasee. Mkenya mzima ashindwe kumpa mtu chai kwa sababu hajui inaitwaje.

Wiki hiyohiyo kaz akaanza darasa la Kiwelisi. Serikali yao inagharamia masomo hayo kwa vijana wa hadi miaka 25, na yeye alikuwa na 23, kwa hivyo hakulipa hata peni. (Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili juu ya karo nilisikia wivu kidogo, sitaficha.) Alipotutumia sauti kwenye grupu ya familia akijitambulisha kwa Kiwelisi, watu walicheka kweli kweli. Mjomba mmoja akaandika kwamba lugha ya watu nusu milioni haimpeleki mtu popote, afadhali angejifunza Kijerumani akatafute kazi huko. Alipata vidole gumba kumi na vinne.

Mimi sikumjibu mjomba pale, heshima ni heshima. Nitamjibu hapa.

Kwanza, hesabu yake ni sawa. Sensa ya 2021 ilipata watu kama 538,000 wanaosema wanaweza kuongea Kiwelisi, yaani asilimia 17.8 ya wakaaji wa Wales. Mwaka wa 2011 walikuwa 562,000. Idadi inashuka, hata baada ya serikali kuweka lengo la wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Lakini kule Gwynedd karibu watu wawili kwa kila watatu wanaiongea. Ndiyo lugha ya duka la mkate, ya mazishi, ya kumwita mbwa. Mtu akihamia huko na Kizungu chake peke yake hatalala njaa, kwa sababu kila mtu anakijua. Shida iko hapo hapo. Akiingia yeye kwenye chumba, watu kumi wanahama lugha yao kwa ajili ya mmoja. Wageni kama yeye wakiwa wengi, lugha inakufa bila mtu yeyote kuwa na ubaya.

Na wageni ni wengi. Vijiji vya pwani ya Gwynedd vimejaa nyumba za likizo za watu kutoka Uingereza, taa zake zinawaka Agosti tu, huku kijana aliyezaliwa hapo hawezi kununua hata kibanda. Tangu Aprili 2023 kaunti za Wales zinaruhusiwa kutoza nyumba za aina hiyo nyongeza ya kodi ya hadi asilimia 300. Ukitaka kuona tulivyo sisi, shuka Malindi. Mtaliano amekaa miaka ishirini na Kiswahili chake kinaishia kwa jambo, lakini kijana wa ufuoni anamwaga Kitaliano kama amezaliwa Roma. Tunamsifu huyo kijana kuwa mjanja, na ni mjanja kweli. Swali langu ni kwa nini kazi yote ya kujifunza ni ya mwenyeji.

Kaz anasema masomo yenyewe si mchezo. Maneno yanabadilika mwanzo. Caerdydd, mji mkuu, ukisema unaenda huko inakuwa Gaerdydd, na ukisema uko ndani yake inakuwa Nghaerdydd. Wazungu wenzake darasani wanashika kichwa. Yeye anaona kawaida, si hata sisi tunasema ukuta mrefu, kuta ndefu, na hakuna anayelia? Kazi ni gwaith, kazi yangu ni fy ngwaith, na hiyo ng ya mwanzo ni ng' yetu ya ng'ombe. Mwalimu alimuuliza ameitoa wapi safi hivyo. Iliyomshinda ni ll. Unaweka ulimi kama unasema l halafu unapuliza hewa kando ya meno. Mwaka mzima bado anarusha mate.

Historia sasa. Mjomba, hii ndiyo nilitaka usome.

Karne ya 19, katika shule kadhaa za Wales, mtoto aliyepatikana akiongea Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni. Akimsikia mwenzake naye akiteleza, anampa. Mwenye nacho jioni anachapwa. Unaikumbuka? Shule yangu ya msingi tuliiita diski. Ilikuwa kifuniko cha mkebe wa rangi kilichotobolewa na kufungwa kamba, na nilikivaa zaidi ya mtu yeyote darasa la nne. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu mambo hayo ya shule zetu mwaka wa 1986, na sisi tulizaliwa baadaye tukayakuta yakingoja. Kitu kinachoniuma ni kwamba kule Wales hakukuwa na sheria ya serikali iliyoamuru zile mbao. Walimu walizitumia wenyewe, na wazazi wengi wakaunga mkono, kwa sababu walitaka watoto wapate kazi. Ni kama wazazi wetu. Hakuna mkoloni aliyesimama mlangoni Umoja mwaka wa 2008 kukataza mama yangu kuongea Kikuyu na mimi.

Lakini Wawelisi waligeuka. Mwaka wa 1965 kijiji cha Capel Celyn kilizamishwa kwa bwawa la kupeleka maji Liverpool, ingawa karibu wabunge wote wa Wales walikataa kuunga mkono mradi huo. Watu wa Murang'a wanaoangalia maji ya Ndakaini yakishuka Nairobi wataelewa hiyo hasira. Vijana wakaanza kung'oa vibao vya barabarani vya Kizungu na kukubali kufungwa jela. Mwaka wa 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans akatangaza atafunga kula mpaka afe kama serikali haitatimiza ahadi ya kituo cha televisheni cha Kiwelisi. Serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikuwa na mazoea ya kurudi nyuma, ikarudi nyuma. Kituo, S4C, kikafunguliwa 1982. Mpaka leo lugha hiyo iko kwenye barua ya hospitali, kwenye mashine ya benki, kwenye redio. Na tangu 2012 upande wa afya una mpango kwamba mgonjwa apewe huduma kwa Kiwelisi bila yeye kulazimika kuomba. Yule nyanya wa panad ni mtu wa kuhesabiwa.

Watu wangu wataniambia Kenya ina lugha zaidi ya arobaini, huwezi kuweka vibao vya zote. Ni kweli. Wataniambia pia lugha za mama zimeleta damu hapa, na 2007 sijaisahau, nilikuwa mdogo lakini nilisikia watu wakiulizwa majina yao. Sitaki kaunti imlazimishe mtu yeyote. Ila tusijidanganye kwamba idadi itatulinda. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakikuyu zaidi ya milioni 8, mara kumi na tano ya wasemaji wa Kiwelisi, na mimi ni mmoja wao na sijui kuomba chai kwa Kikuyu bila kuvunja sentensi. Wayaaku wa Laikipia walihamia Kimaasai mpaka lugha yao ikabaki midomoni mwa wazee wachache. Hata wao walianza na kijana mmoja kuona ya nini.

Shosh wetu, wa kaz na mimi, anaishi Murang'a. Ana miaka themanini na mmoja na ameanza kurudia maswali. Kiswahili chake ni cha sokoni na Kizungu hana kabisa. Mimi huzungumza naye kupitia kwa mama, kama rais na mkalimani. Kaz ndiye alinishtua. Alisema kwa sauti ya taratibu, si ya kunigombeza: mimi nimejua kumuuliza nyanya wa watu kama ameshiba, na kwao nyanya anaitwa nain, lakini shosh wetu akianza kusahau ataongea na nani?

Jumapili nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno sita kwenye karatasi, mama akanisahihisha mawili. Shosh alinyamaza kwanza, nikadhani simu imekatika. Halafu akacheka karibu dakika nzima, akaniambia kitu kirefu ambacho sikukielewa, na nikamsihi akirudie polepole.