Nani Awatazamaye Wazee wa Mundika?



Ukitoka mjini Busia na kuifuata barabara ya kwenda Kisumu, hukawii kufika Mundika. Utapishana na malori yaliyotoka mpakani, bodaboda zenye abiria wawili wawili, na wanafunzi wanaorejea kutoka shuleni. Ukiacha barabara na kuingia vijijini utaziona nyumba nzuri za matofali zilizofungwa kwa kufuli. Wenyewe wako Nairobi, Mombasa au Kampala, huja Desemba. Lakini zunguka nyuma ya nyumba. Aghalabu utakikuta kibanda cha udongo, mlango wake umeegeshwa tu, na ndani yake mna mtu. Huyo ndiye aliyemzaa mwenye nyumba.

Hayo ndiyo makao ya wazee tuliyo nayo sisi. Katika miji yetu mtu akitaja nasingi homu, humaanisha hospitali ndogo ya kulipia ambako akina mama hujifungua. Makao hasa ya kutunzia wazee ni machache nchini, na mengi ni ya makanisa. Ndiyo maana mnamo Juni 2023, shirika la BBC lilipotangaza filamu iliyopigwa kwa siri katika makao ya wazee ya Thogoto, kule Kikuyu, ikionyesha wakaazi wakitendewa ukatili na kunyimwa tiba, wengi wetu hapa tulitikisa vichwa kwa kujitakasa. Tulisema hayo ni mambo ya watu wa Kiambu. Sisi hatumtupi mzee. Mimi nasema tofauti yetu na Thogoto ni moja: Thogoto iliingia kamera. Kibandani kwetu haijaingia.

Nami sina haki ya kunyoosha kidole kabla ya kuukunja wangu. Nina shangazi aliyepita miaka themanini, anayeishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwangu. Kwa miezi saba sikumwona, ingawa katika miezi hiyo nilihudhuria mikutano mingi ya kuzungumzia haki za wananchi. Nilipokwenda hatimaye, aliniuliza jina langu mara tatu, kisha akaniita kwa jina la baba yangu aliyekwisha kufariki. Jirani mmoja alinieleza kwamba uzee umempanda kichwani. Mwingine alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaomba blanketi lifunuliwe. Pajani, pale mfupa unapotokeza, palikuwa na kidonda chenye upana wa kiganja cha mtoto. Nikauliza anakunywa maji kiasi gani. Nikajibiwa bila kuficha: kikombe kimoja asubuhi, kwa sababu akinywa zaidi hulowanisha godoro usiku.

Muuguzi tuliyempelekea alisema kwamba kuchanganyikiwa kule kulitokana na kiu na maambukizi ya mkojo, wala si uzee na wala si uchawi. Maji na dawa vilimrudisha. Siku ya tisa alinitambua, na jambo la kwanza alilolifanya ni kunikaripia kwa kutoweka kwangu. La pili lilinichoma zaidi. Alisema kikombe kile kimoja alikitaka yeye mwenyewe. Aliona haya kumwamsha mkazamwana usiku amshike na kumpeleka nje.

Naeleza haya kwa urefu kwa kuwa dalili za kutelekezwa mara nyingi si zile tunazozitazamia. Tunangoja kuona alama za kiboko. Zipo, na zikiwapo hazifai kufumbiwa macho: michubuko ya vidole mkononi, mzee anayenyamaza ghafla mtu fulani aingiapo, jibu ambalo daima hutolewa na mwingine kabla yeye hajafungua kinywa. Lakini zaidi ya hizo ni mambo ya kimya. Nguo zilizomlegea kwa kuwa amekonda. Harufu ya mkojo uliokaukia. Kucha ndefu. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Usingizi wa mchana kutwa wa mtu anayepewa vidonge vya kumtuliza ili asisumbue. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Asipogeuzwa, nyama ya kiunoni, ya nyongani na ya visiginoni huanza kuoza angali hai. Ukimtembelea mzee ukaishia kumwamkia mlangoni, hujamtembelea. Omba ruhusa yake kwa heshima, kisha tazama visigino.

Sasa nije kwenye fedha, maana huko ndiko panya walikojichimbia. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa Wakenya waliofikisha miaka 70, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Gawanya kwa siku thelathini: ni shilingi sitini na kitu kwa siku. Tena malipo huchelewa, yakaja ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Hata hivyo ni fedha za mzee, si za ukoo. Mpango wenyewe unamruhusu asiyeweza kutembea kuwa na mlezi aliyeandikishwa amchukulie malipo. Ni utaratibu mzuri, na ndio mlango ambao mwizi huupitia. Ukisikia kwamba kitambulisho cha mzee "kimewekwa mahali salama" na yeye hajui ni wapi, au kwamba malipo yametoka na kibandani hamna hata kipande cha sabuni, basi umekwisha kuipata dalili isiyohitaji daktari.

Wako watakaosema kwamba mambo ya boma humalizwa bomani. Sheria ya nchi haikubaliani nao. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Nisomeni vizuri: kwa jamaa na kwa Serikali. Kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kinamwajibisha yeyote aliye na mtu chini ya ulezi wake, asiyeweza kujitunza kwa sababu ya umri au maradhi, ampatie mahitaji ya uhai. Nayo sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inaitambua hata dhuluma ya mali. Anayemla mzee pensheni yake hatendi "mambo ya boma". Anatenda kosa.

Hata hivyo naomba tusikimbilie kumkamata mkazamwana. Katika vijiji vyetu yeye ndiye hospitali, ndiye jiko, ndiye mfuaji wa shuka, na mara nyingi ana watoto wake wanne na shamba la mihogo. Wana wa kiume wako mbali wakituma amri kwa simu, na mara mojamoja vocha ya mia mbili. Aliyechoka hana budi kusaidiwa: zamu za kulala na mzee zigawanywe kwa majina, anunuliwe karatasi la plastiki la kutandika juu ya godoro, apatiwe beseni la kitandani. Hilo lilitosha kwa shangazi yangu. Kikombe kimoja kimekuwa vikombe sita. Lakini anayepiga, anayefungia, anayeiba, huyo hasaidiwi kwa kikao cha ukoo. Huyo apelekwe kwa chifu siku hiyo hiyo, na chifu akilegea, kituo cha polisi kina dawati lake la jinsia. Andika tarehe, ulichokiona na nani alikuwapo, na mzee apelekwe kwa daktari kabla kidonda hakijapona, maana kesi nyingi hufa kwa kukosa maandishi.

Na Serikali je? Hapa ndipo wino wangu unapokuwa mchungu. Mtu aliyekuwa na miaka arobaini na mitano mnamo Desemba 1992, siku tulipopiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu kifungu cha 2A kifutwe, leo anaikaribia themanini. Hawa tunaowaacha vibandani ndio walioaibishwa katika mlolongo wa 1988, wakasimama nyuma ya mgombea hadharani huku chifu akiwatazama nani na nani. Ndio waliotembea kwa miguu kusikiliza mikutano iliyopigwa marufuku. Siku za kampeni bado tunawakumbuka: pikapu hufika kibandani, mzee hubebwa mzobemzobe hadi kituoni, hupewa blanketi na kilo ya sukari. Nimeona kwa macho yangu mzee aliyepelekwa kupiga kura kwa gari na kurejea kwa miguu, akishikwa na mjukuu wa miaka minane.

Wengine wanapendekeza tujengewe makao ya wazee hapa Busia. Sipingi kwa pupa. Zanzibar wanayo ya Sebleni na Welezo, lakini wenzetu hao hawakuishia kwenye kuta; Aprili 2016 walianza kumlipa pensheni kila mkaazi aliyefikisha miaka 70. Hata ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda inayo ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 za kwao kwa mwezi. Nasi tunaijua Alupe, hapo karibu, iliyokuwa kwa miaka mingi mahali pa kutibia wenye ukoma. Wazee wetu wanakumbuka jinsi familia zilivyomsindikiza mgonjwa hadi lango lile na kurejea nyumbani kana kwamba wametoka mazishini. Jengo bila mkaguzi ni kibanda kikubwa zaidi.

Lililo karibu na uwezo wetu ni hili. Mnamo Septemba 2023 Serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wapitao nyumba kwa nyumba. Wanahesabu watoto, wanapima shinikizo la damu. Waagizwe pia kuandika, katika kila kijiji cha Bukhayo Magharibi, jina la kila mzee asiyeweza kuondoka kitandani, nani amtunzaye, na hali ya ngozi yake, na orodha hiyo isomwe na afisa wa maendeleo ya jamii kila mwezi. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Barua ya kulipeleka ombi hili kwa Bunge la Kaunti imekwisha kuandikwa, nasi tunatafuta saini, na alama za vidole gumba kwa wasioweza kushika kalamu.

Alama ya kwanza ni ya shangazi yangu. Aliuliza kwanza kama tutamrudisha nyumbani baada ya kutia kidole. Nikamwambia mama, barua imekufuata hapa kitandani.