Kuandikishwa Si Kuhudhuria

Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaongeza jambo lenye uzito ule ule: mzazi anawajibika kumwandikisha mtoto, na pia kuhakikisha kwamba anahudhuria mpaka amalize. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Nafasi ipo, linalobaki ni mtoto kuikalia.

Katika Wilaya ya Kilosa, hilo linalobaki si dogo. Mpunga unapokaribia kuiva, mtoto hupelekwa shambani kuamia ndege. Siku ya gulio huachwa nyumbani kulea wadogo zake. Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa hupita mjini, senti za karanga zinazouzwa kwa abiria huonekana leo hii, ilhali faida ya somo la hesabu huonekana baada ya miaka. Mfugaji naye hufuata malisho, na mtoto humfuata mfugaji.

Wapo wanaodhani kwamba siku moja kwa juma si kitu. Na wafanye hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwanafunzi anayekosa kila siku ya gulio hupoteza siku zipatazo 39 kwa mwaka. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Mtoto huyo ataimaliza akiwa amepoteza miaka 2 mizima, wala hakuna atakayemwita mtoro, kwa kuwa alionekana shuleni kila juma.

Mzazi wa namna hiyo hamchukii mwanawe. Anabanwa na shida. Kumfikisha mahakamani ni haki ya sheria, lakini faini peke yake haifukuzi ndege shambani. Dawa ni wazazi kupanga zamu ya kulinda mashamba, ili mikono ya watu wazima ifanye kazi ya watu wazima, na kuchangia uji wa shule kwa hiari yao, mtoto asikae darasani na njaa. Mfugaji anayehama hana budi kuondoka na barua ya uhamisho, mtoto apokewe katika shule iliyo karibu na malisho mapya.

Wajibu mkubwa, hata hivyo, ni wa watumishi wa umma. Daftari la mahudhurio halikutengenezwa ili lijazwe na kufungiwa kabatini. Mwalimu anayeona jina moja likikosekana kila Jumatano amekwisha kuuona ugonjwa ungali mchanga. Na amweleze mzazi juma lile lile. Mtendaji wa kijiji asisubiri taarifa ya mwisho wa mwaka. Afisa elimu wa kata aulize ni wangapi waliofika leo, asitosheke na idadi ya walioandikishwa Januari. Na mwalimu asiyefika darasani hana uso wa kumdai mzazi mahudhurio.

Taifa limekwisha kulipa gharama ya dawati. Kila asubuhi dawati hilo linapokaa tupu, anayedhulumiwa ni mtoto ambaye hakuulizwa.