KONA YA KOMPYUTA: Kabla ya Kufuta, Tuangalie Kwanza

Mwezi huu tunawaletea jambo lililotupata kituoni, maana limetufundisha sisi walimu kwanza.

Kompyuta kubwa inayotunza kazi zote za darasa ilikataa kupokea faili. Kila tukijaribu, inajibu diski imejaa. Na zilibaki siku tatu tu tuingize orodha ya wanafunzi wapya. Mwenzetu mmoja akasema dawa ni kufuta folda za miaka ya nyuma. Jamani! Humo ndimo zilimo nakala za vyeti na matokeo ya watoto ambao karatasi zao zilipotea njiani au zililoa mvua. Kwa familia nyingine, nakala hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Tukasema hapana, tuangalie kwanza.

Kompyuta ile inatumia Linux ya Ubuntu. Haina picha za kubonyeza. Unaandika amri kwa herufi, kisha unagonga Enter. Tukaandika:

df -h

Ikatuonyesha ukubwa 72G, matumizi asilimia 100. Kweli imejaa. Lakini kijana mmoja wa darasa la jioni akauliza, "Mwalimu, si diski imeandikwa 160 kwenye kibandiko? Nyingine ziko wapi?" Tukatazamana. Swali zuri, na jibu hatuna.

Tukakaa, tukasoma, tukaelewa hivi. Fikirieni siku ya mgao. Yako magunia ya unga yaliyoshushwa kwenye lori: hizo ni diski zenyewe. Unga wote unamiminwa kwenye pipa moja: hilo ni kundi. Kutoka pipani kila familia inapimiwa fungu lake, na kompyuta inalitumia fungu hilo kama diski kamili. Amri ya df inaona kilichomo ndani ya fungu tu. Haijui pipani kumebaki nini.

Kwa hiyo ziko amri tatu za kuchungulia:

sudo pvs – inaonyesha magunia
sudo vgs – inaonyesha pipa
sudo lvs – inaonyesha mafungu

Neno sudo maana yake unaomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo utaulizwa neno la siri. Ukiliandika halionekani, usishtuke.

Amri ya lvs ikatuambia fungu letu linaitwa ubuntu-lv, na chini ya LSize, yaani ukubwa, pameandikwa 73.00g. Ya vgs ikatuambia pipa lote, VSize, ni 146.00g, na VFree, yaani unga ambao haujagawiwa, ni 73.00g. Kumbe nusu nzima imelala tu! Aliyeweka Ubuntu hakukosea sana. Programu yenyewe, usipoielekeza vingine, mara nyingi hugawa sehemu na kubakiza nyingine. Na ile 160 ya kibandikoni? Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, ndiyo maana inasoma 149 hivi, na kidogo hutumika kuwashia kompyuta.

Anayetaka maelezo marefu aandike sudo lvdisplay. Hapo kila jambo lina mstari wake: LV Path ni njia ya kulifikia fungu, LV Status ikisema available, fungu liko tayari, Current LE ni idadi ya vipande, na kwa kawaida kila kimoja ni MB 4. Letu lilikuwa na vipande 18,688.

Amri hizi zinaangalia tu, hazibadilishi kitu. Lakini iko ndugu yao iitwayo lvremove, hiyo inafuta fungu zima. Soma mara mbili kabla ya kugonga Enter.

Basi, tukanakili vyeti kwanza kwenye diski ya nje, kisha msimamizi akaongeza 30G:

sudo lvextend -r -L +30G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Ile -r msiisahau. Bila hiyo fungu linakua lakini faili hazipati nafasi mpya. Hatukumaliza pipa, tumebakiza 43G. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi ngumu na ya hatari. Orodha ya wanafunzi wapya iliingia siku moja kabla ya mwisho, na hakuna cheti hata kimoja kilichofutwa.

Neno la mwisho kwa wazazi. Amri ya pvs ilituonyesha gunia moja tu, yaani diski moja. Ikifa hiyo, vyote vimekwenda, hata pipa liwe na nafasi kiasi gani. Ndiyo maana ile nakala ya nje tumeifungia kabatini. Mwenye karatasi ya mtoto ambayo bado hatujaipiga picha, ailete Jumamosi mchana.

Na wewe kijana uliyeuliza swali, asante. Endelea kuuliza. Tuonane mwezi ujao.