Karafuu Zilizo Mtini Hazinunui Heshima

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika jamii za mwambao, ni chache zinazopingwa kwa nadra kama ile isemayo kwamba sikukuu huja mara moja kwa mwaka, na kwamba kwa sababu hiyo matumizi yake hayafai kupimwa kwa mizani ya siku za kawaida. Mjini Wete, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, imani hiyo ina sura yake maalumu. Mzazi anayejiheshimu hutarajiwa kumvisha kila mtoto nguo mpya kuanzia kofia hadi viatu, kumnunulia mke wake doti za khanga na baibui jipya, na kuwapelekea wakwe na wazee kitu cha haja; naye akiwa hana fedha mkononi hukopa bila kuona haya, kwa kuwa deni la sikukuu huhesabiwa kuwa deni la heshima ambalo karafuu zitakuja kulilipa. Makala haya yanashikilia kwamba imani hiyo haina msingi katika hesabu, katika historia ya kisiwa chenyewe, wala katika dini inayotajwa kuihalalisha, na kwamba anayeilipia gharama ya zawadi hizo, mwisho wa yote, ni mtoto yule yule aliyepewa.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Idi hufuata mwaka wa Hijria, ambao huhesabiwa kwa mwezi mwandamo na una siku 354 au 355, na kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku 11 hivi katika kalenda ya jua na huchukua takriban miaka 33 kuizunguka misimu yote. Mkarafuu haufuati Hijria; hufuata mvua na jua, na mchumo wake mkubwa kisiwani Pemba huanza kwa kawaida karibu na mwezi wa Julai na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, tena si kwa usawa, kwani mti uliozaa sana msimu mmoja huenda ukapumzika misimu kadhaa kabla ya kuzaa tena kwa wingi. Mwaka 2016 Idi ya Mfungo Mosi, yaani Idul-Fitri, iliangukia mwanzoni mwa Julai, mchumo ukiwa mlangoni. Lakini mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, na mwaka 2025 ikawa mwishoni mwa Machi, wakati wa masika, ambapo fedha za msimu uliopita zimekwisha na za msimu ujao bado ziko mtini. Idi ya Mfungo Tatu, yaani Idul-Adha, ambayo huja siku 70 hivi baada ya ile ya kwanza, mwaka huo iliangukia Juni, nayo pia kabla ya mchumo. Kwa kuwa Idi inaendelea kusogea nyuma, haitakutana tena na miezi ya mavuno hadi miaka ya 2030, na wanaosema kwamba karafuu zitalipa wanazungumzia mavuno ambayo hakuna anayeweza kuyaahidi.

Pengo hilo kati ya sikukuu na mchumo ndilo linalozaa biashara ya kuuza karafuu zikiwa juu ya mti, ambayo ni mapatano ya mkulima kupokea fedha za mnunuzi miezi kadhaa kabla ya mavuno na kuahidi kumkabidhi kilo kadhaa za karafuu kavu mchumo utakapofika, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya kituo cha ununuzi. Mfano wa kukadiria unatosha kuonyesha ukubwa wa hasara. Kwa miaka kadhaa ya muongo wa 2010 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, linalojulikana kwa kifupi chake ZSTC, lilinunua karafuu za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Mzazi anayehitaji shilingi 280,000 za sikukuu, akikubali kulipwa nusu ya bei hiyo mapema, hulazimika kutoa kilo 40, ambazo angezisubiri zingempatia shilingi 560,000. Kwa maneno mengine, amelipa shilingi 280,000 kwa ajili ya kupata shilingi 280,000 miezi minne au mitano kabla ya wakati wake, na hakuna benki yoyote nchini ambayo ingethubutu kutangaza riba ya kiasi hicho. Wala kilo 40 si kitu chepesi, kwa kuwa kila kilo moja kavu hutokana na takriban kilo tatu mbichi, ambazo mtu amezifuata juu ya mti mrefu, akazichambua makonyo, yaani vikonyo vyake, kisha akazianika juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa huku akichungulia mawingu.

Asiye na mikarafuu hukutana na deni lile lile katika sura ya daftari la duka. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, maduka ya Wete huwa wazi hadi usiku mwingi, na mama aliyeshika gauni la bintiye, akilipapasa kitambaa na kulipima kwa shubiri mabegani mwa mtoto, hutajiwa bei mbili, ya taslimu na ya mkopo, kisha jina la mumewe huandikwa kwenye daftari lenye jalada gumu pamoja na tarehe ya mchumo badala ya tarehe ya malipo. Mchumo unapofika gauni hilo limekwisha kumbana mtoto, kwani mtoto hukua upesi kuliko deni linavyopungua, na fedha zinazotoka mfukoni mwa baba mwezi huo ni zile zile ambazo zingenunua madaftari na sare za skuli mwaka mpya wa masomo unapoanza Januari. Hapo ndipo maana kamili ya methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga inapoonekana: furaha ilikuwa ya siku nne, na ulipaji ni wa mwaka mzima.

Historia ya Pemba haina uhaba wa mafunzo kuhusu jambo hili. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba kwa kiasi kikubwa, Pemba ikawa kitovu cha zao hilo, na pamoja na zao ukaja mkopo. Mashamba yaliwekwa katika bei ya khiyari, yaani mauzo ambayo muuzaji hubaki na haki ya kulikomboa shamba lake kwa kurudisha fedha, lakini wakati huo huo huendelea kulitumia shamba kwa kumlipa mnunuzi kodi, ambayo kwa hakika ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoporomoka duniani, madeni ya wenye mashamba yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya himaya ya Uingereza ilitunga sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wakopeshaji. Maofisa wa wakati ule walipenda kuieleza hali hiyo kwa kuwasingizia wakulima tabia ya ubadhirifu, na maelezo hayo yanapaswa kukataliwa, kwa kuwa mkulima hakuipanga bei ya dunia wala masharti ya mkopeshaji. Hata hivyo kukataa kashfa ya mkoloni hakumaanishi kukumbatia desturi iliyorahisisha kazi ya mkopeshaji. Funzo lilirudi tena katika miaka ya 1980, wakati Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipoanza kujitosheleza kwa mavuno yake yenyewe na bei ikaanguka vibaya. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea bei ya jana alilazimika kulipa kwa karafuu nyingi zaidi za leo.

Wanaoitetea desturi hiyo husema kwamba zawadi haipimwi kwa fedha. Kauli hiyo ni tamu, lakini utafiti kuhusu sikukuu kubwa ya zawadi duniani, yaani Krismasi, hauiungi mkono. Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani Joel Waldfogel alichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa chuo kikuu ni kiasi gani wangekuwa tayari kulipia zawadi walizopewa, kisha akalinganisha majibu yao na bei walizokadiria kuwa zilitumika kuzinunua, na akahitimisha kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotea njiani, kwa sababu mtoaji hajui vyema anachokihitaji mpokeaji. Huo ni upotevu wa zawadi zilizolipiwa taslimu. Zawadi ya mkopo hubeba upotevu huo huo, kisha juu yake ikabeba hasara ya karafuu zilizouzwa nusu bei, na kwa hesabu hiyo mzazi wa Wete anayekopa huumia kuliko mzazi wa London au Chicago anayetoa fedha zake mwenyewe.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nao husema kwamba zawadi hununua uhusiano, na kwamba katika kisiwa ambacho mtu huishi kwa jamaa na jirani, uhusiano ni akiba bora kuliko fedha. Ni kweli kwamba mwanazuoni wa Kifaransa Marcel Mauss, katika andiko lake la mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huambatana na wajibu wa namna tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Lakini wajibu huo wa tatu ndio unaouangusha utetezi wenyewe, kwa kuwa zawadi inayomzidi mpokeaji uwezo humgeuza mdeni. Jamaa anayerudi kutoka Maskati au kutoka maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, akiwa na masanduku ya nguo, hupandisha kipimo cha mtaa mzima, na jirani yake, mvuvi au mkwezi, hulazimika kukopa ili watoto wake wasionekane wanyonge kiwanjani. Mwaka unaofuata kipimo hupanda tena, kila mmoja akimkimbiza mwenzake, na hakuna anayetoka katika mashindano hayo na heshima zaidi ya aliyokuwa nayo, kwa kuwa wote wamepanda pamoja.

Utetezi wa tatu huegemea dini, na huo ndio dhaifu kuliko yote. Sunna inayojulikana ya siku ya Idi ni mtu kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo bora miongoni mwa alizonazo. Haijamtaka avae asiyokuwa nayo. Zawadi pekee ambayo sheria imeifanya wajibu katika Idul-Fitri ni zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kinacholiwa na wenyeji kwa kila mtu wa nyumba, na mtu asiyekuwa na ziada juu ya chakula cha usiku na mchana wa siku hiyo amesamehewa hata hiyo pishi moja. Ikiwa Mwenyezi Mungu amemsamehe asiye nacho, ni mahakama gani ya mtaa iliyopewa mamlaka ya kumhukumu? Kinyume chake, sura ya Israi, katika aya ya 26 na ya 27, inaukemea ubadhirifu kwa lugha kali, na wanazuoni wa fiqhi wamekataza kuuza matunda ya mti maalumu kabla hayajaonyesha dalili ya kukomaa, kwa sababu ya gharari, yaani mashaka yanayoweza kumdhulumu mmoja wa wanaopatana. Kumvisha mtoto kwa ajili ya sala ya Idi kwa fedha zilizopatikana kwa mapatano ya namna hiyo ni kuipinga ibada kwa vazi lake.

Wapo pia wanaodai kwamba matumizi hayo huuchangamsha mji. Ukweli ni kwamba nguo nyingi za sikukuu hushonwa mbali, hupitia Dubai au Kariakoo na kufika bandarini Wete zikiwa marobota, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha huondoka kisiwani na kinachobaki ni faida ya muuza duka. Shilingi inayotolewa kwa fundi cherehani wa mtaani, kwa mpika halua au kwa mama anayeuza vileja ndiyo inayobaki Pemba, na kwa bahati njema hiyo ndiyo shilingi ndogo.

Linalopendekezwa hapa halikusudii kuizima furaha ya Idi, kwani mkono wa Idi, ile sarafu au noti ndogo ambayo watoto hupewa wanapopita nyumba kwa nyumba kuwasalimia wazee, humfurahisha mtoto kuliko kanzu ya ghali, tena haujamfilisi mtu. Sikukuu ipangiwe fedha wakati wa mchumo, si wakati wa masika. Vikundi vya hisa, ambavyo wanachama wake, wengi wao wanawake, huweka fedha kila wiki, hukopeshana na kugawana akiba yao mwisho wa mzunguko, vinaweza kutenga fungu dogo la sikukuu na kuupanga mgao wake kabla ya Ramadhani, ili mahitaji ya Idi yalipiwe kwa akiba ya jana, huku fungu kubwa likibaki kwa skuli na shamba. Masheha na maimamu, ambao sauti zao husikika mapema kuliko za wachumi, wanaweza kulisema hadharani lile ambalo mzazi huliona aibu kulisema peke yake, kwamba kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha kwa sala.

Heshima ya mzazi haikosi kipimo, ila imekuwa ikipimwa siku isiyo yake. Siku ya Idi kila mtu aliyekopa huonekana tajiri; siku ya kupima karafuu, mbele ya mzani wa kituo cha ununuzi, ndipo hujulikana nani anauza mali yake na nani amekuja kukabidhi mali ya mwingine, na mtoto wa yule wa kwanza ndiye aliyepewa zawadi.