Anivesari ya Mwanza: Acheni Kuwalisha Wake Zenu Picha

Msimu wa pamba ukishafunguliwa na malipo yakaanza kuingia kwenye simu, Simiyu siku hizi kuna fasheni mpya: baba anambeba mama watoto wikiendi nzima kwenda Mwanza kusherehekea ndoa. Jambo lenyewe ni zuri, tena limechelewa. Tatizo ni namna linavyofanywa. Mume anachagua lodge, anachagua mgahawa, anachagua mpaka sahani, halafu anaita sapraizi. Mke anajua anakopelekwa akiwa tayari ameshakaa kwenye siti ya basi. Na mtandaoni wanaume wanapiga makofi: "Huyu ndiyo mume!"

Makofi ya nini? Mtu amemnunulia mwenzake chakula bila kumuuliza anakula nini.

Kuna wanandoa wa Kimali, majina kapuni, ambao picha yao imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Miaka 10 ya ndoa, watoto wanne. Mwanza anayoijua mama huyo ni ile ya Bugando: unakwenda na mgonjwa, unalala kwenye benchi, unakula maandazi na chai ya kwenye chupa, unarudi. Safari hii hakukuwa na mgonjwa. Kimali mpaka Bariadi, Bariadi mpaka Lamadi, ziwa likaanza kuonekana, Magu, mpaka stendi ya Nyamhongolo. Mama amevaa kitenge kipya, amesuka.

Mgahawa mume aliuona kwa staa mmoja wa Dar aliyewahi kuposti akiwa na mchumba wake, mishumaa mezani na ziwa kwa nyuma. Jamaa akasema na yeye lazima akae meza ile ile. Menyu yote Kizungu. Akanyooshea kidole mstari mmoja. Kikaja kipande cha mnofu wa sangara kama kiganja cha mtoto, mchuzi mweupe umechorwa pembeni, viazi vitatu. Mama akaangalia sahani, akauliza kwa sauti ndogo: "Baba watoto, hapa ugali hawana?"

Mume, kwa kuona ni kichekesho, akapiga picha, akaandika swali lile chini yake, akaposti. Basi. Watu wakamvaa mama wa watu. "Mshamba hapandishwi mjini." "Ungempeleka kwa mama ntilie tu." "Ndiyo maana wengine tunatoka na mchepuko." Aliyechagua vibaya ni mwanaume, aliyetukanwa ni mwanamke.

Hoja za hao waliotukana ziko tatu, na zote tatu hazisimami.

Ya kwanza, eti mama ni mshamba. Mshamba wa nini? Wa samaki? Mwanamke wa Kanda ya Ziwa anamjua sato kwa kumbonyeza tu mgongoni, anajua aliyelala kwenye barafu siku tatu na aliyetoka majini asubuhi. Na huyo sangara wa kwenye sahani ana historia yake. Aliletwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, akala furu na samaki wengine wa asili, akatawala. Miaka ya 1990 viwanda vya kukata minofu vikashamiri Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda China, wenye ziwa wakabakiziwa vichwa na mifupa, ndiyo yale mapanki. Familia ngapi za kanda hii zimekuzwa na mchuzi wa mapanki? Leo mnofu ule ule uliokatwa kwa ajili ya walaji wa mbali umebaki Mwanza, umewekwa kwenye sahani kubwa na bei kubwa, na mtu aliyeuliza ugali ndiye haelewi chakula! Yeye aliuliza swali la mtu anayejua kula. Samaki bila ugali, kwa tumbo lililotoka basini tangu asubuhi, ni kitafunwa.

Ya pili, eti pesa ni ya mwanaume kwa hiyo anachagua mwanaume. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Pamba ya Simiyu hailimwi na mwanaume peke yake. Mwezi wa kumi na moja nani yuko shambani na mbegu? Palizi nani anainama? Kuchuma, kuchambua pamba safi na fifi, kubeba mzigo mpaka AMCOS, nani? Halafu huyo huyo jioni anawasha moto, anasonga ugali, anaogesha watoto. Pesa ikiingia inaingia kwenye laini ya baba, na kwa sababu namba ya siri ni ya baba, watu wanadhani na jasho ni la baba.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini kanuni ile ikabaki. Kama kupika na kulea tu ni mchango, je, aliyepika, akalea, na akachuma pamba? Huyo hakualikwa Mwanza. Amekwenda kutumia chake. Kumnyima kauli juu ya sahani yake mwenyewe ni dharau, hata kama imefungwa kwa utepe mwekundu.

Ya tatu, eti kuuliza kunaharibu mapenzi, raha ya mtoko ni sapraizi. Sawa, sapraizi ina raha yake. Mshtukize kwa kitenge. Mshtukize kwa kumwambia mdogo wako atakaa na watoto siku tatu na hutaki asikie habari ya kuku wala mbuzi. Lakini tumbo la mtu halishtukizwi. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi. Mume asiyesali anaweka chakula cha mchana Jumamosi kwenye baa yenye muziki, anashangaa mke amenuna. Kwa mke wake jua la Ijumaa likizama mpaka la Jumamosi lizame si muda wa kununua wala wa baa, na hata akienda kesho yake, kambale hali. Mwingine Muislamu, anataka kujua nyama imechinjwaje. Mwingine ana vidonda vya tumbo na pilipili inamuua. Mwingine ana mimba changa na harufu ya samaki haitaki hata kidogo. Hayo yote yanajulikana kwa swali moja. Mwanaume anayeona swali hilo linamshusha hadhi, anatafuta sifa, mapenzi ayaache pembeni.

Na sifa zenyewe zinatoka wapi? Kwa mastaa. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Meza ya staa mara nyingi ni biashara: hoteli inatoa chakula, staa anatoa posti, kila mtu anaondoka na chake. Anayebaki na bili ni yule aliyeiona picha akiwa Simiyu akaamini hayo ndiyo mapenzi. Mastaa wenyewe wangapi waliposti mishumaa Februari na mwezi wa sita wakafuta picha zote? Mkulima anaiga harusi ya watu ambao hata wao haijawakaa.

Mbaya zaidi ni pale pesa ya pamba inapochelewa na tarehe ya anivesari haisubiri. Mtu anaingia kausha damu. Anabofya kwenye simu, anapewa mkopo wa haraka, anarudisha kwa riba ya kumtoa roho, na akichelewa, namba zote alizohifadhi zinatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha, mpaka mama mkwe anajua. Mambo yalifika mahali Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Mkopo wa namna hiyo kwa ajili ya viazi vitatu na mshumaa! Watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari, mshumaa utawasaidia nini?

Lakini lawama zote zisimwangukie mwanaume. Kuna wanawake ambao wakiulizwa wanajibu "popote tu, baba watoto", halafu wakifika wananuna mpaka Jumapili. Hilo nalo siyo adabu, ni kumtegea mwenzako mtihani. Ukiulizwa, sema. Kama unataka sato mzima wa kukaanga, sema sato. Kama unataka chipsi kuku na soda baridi kwa sababu nyumbani hujawahi kuzipata, sema, hakuna atakayekucheka ambaye maoni yake yana maana.

Basi kwa wanaotaka kwenda na kurudi wakiwa bado wanaongea, njia iko wazi. Wikiendi ina milo mikubwa mitatu. Mama achague miwili, baba achague mmoja. Ijumaa mnafika mmechoka na vumbi: hapo msitafute mahali pa picha, tafuteni mahali pa karibu na mnapolala, penye chakula cha moto na maji ya kunawa. Jumamosi jioni ndiyo mlo wenyewe. Hapo ziwa lina thamani yake kweli, upande wa Capri Point, au popote mtakapokaa mkiangalia maji na jua likizama. Fikeni mapema kabla ya giza, maana ukifika usiku umelipia ziwa usiloliona. Jumapili amkeni taratibu, supu na chapati, kisha mama apite Mwaloni Kirumba anunue dagaa wa kupeleka nyumbani kama anataka, ndipo stendi.

Na kabla ya kukaa, ulizeni. Simu haigharimu kitu. Samaki anauzwa kwa saizi au kwa bei moja? Sato halali anaanzia sentimita 25, kwa hiyo ukiletewa kidole gumba kwa bei ya mzima una haki ya kusema. Bei ya kwenye menyu ina VAT ndani au inakuja kuongezwa kwenye bili? Samaki wa kuchoma anachukua muda gani? Kama ni zaidi ya saa, agizeni kabla hamjatoka lodge, siyo kukaa mnaangaliana na njaa mpaka mgombane. Spika ziko wapi? Watu waliotoka mbali ili waongee hawawezi kuwekwa chini ya spika. Ugali upo? Mhudumu akicheka swali hilo, nyanyukeni mwende kwingine. Mwanza haina uhaba wa majiko.

Yote haya yanaweza kuonekana ni mambo madogo, chakula tu. Siyo madogo. Kwenye nyumba nyingi za vijijini baba anakula na wanaume wenzake, mama anakula na watoto, mara nyingi jikoni, mara nyingi mwishoni, akikomba kilichobaki kwenye sufuria. Miaka 10 inaweza kupita mume na mke hawajawahi kukaa meza moja wakatazamana wakila chakula ambacho hakuna kati yao aliyekipika. Mlo wa anivesari pengine ndiyo wa kwanza. Ndiyo siku mume anaweza kugundua kwamba mkewe anapenda kichwa cha samaki, na kwamba miaka yote hiyo amekuwa akikiweka kwenye sahani ya mumewe.

Siku hiyo ndiyo yule jamaa wa Kimali aliigeuza kichekesho cha mtandaoni. Alikuwa na mke mbele yake, ziwa, pesa halali waliyoichuma wote wawili, na mke akamfungulia mlango kwa swali rahisi kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kumwita mhudumu na kuuliza ugali. Kama haupo, kulipa, kusimama, kumshika mkono mkewe, na kutembea hatua chache mpaka palipo na moshi wa samaki. Yeye akatoa simu.

Wanaomsifia waendelee. Lakini kila mmoja wao, kabla hajaandika neno mshamba, amuulize kwanza wa kwake chakula anachokipenda kuliko vyote. Kama hajui jibu, na ana miaka 10 ndani ya nyumba hiyo hiyo, basi mshamba anafahamika ni nani.