Mtafiti wa Elimu na Mizani Aliyokuja Nayo

Wengi husadiki kwamba mtu akiisha kuitwa mwanasayansi huacha mlangoni mapenzi na chuki zake zote, akabaki na vipimo tu. Katika fizikia imani hiyo ina ukweli mwingi: jiwe likiachiwa huanguka vilevile, aliyeliachia awe tajiri au maskini. Lakini utafiti wa elimu hauchunguzi mawe. Huchunguza watoto, na haiwezekani kusema ni mtoto gani amefaulu kabla ya kuamua elimu ni ya nini. Uamuzi huo haupatikani kwa rula wala kwa takwimu. Hutokana na mambo ambayo mtu anayathamini. Kwa hiyo mtazamo wa mtafiti huingia katika kazi yake kwa njia tatu: katika swali analouliza, katika chombo anachopimia, na katika ushauri anaoutoa.

Kwanza, swali. Ichukuliwe kwa mfano kata ya Mbebe, wilayani Ileje, katika Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016, karibu na mipaka ya Malawi na Zambia. Na ikadiriwe kwamba watafiti wawili wamefika huko kuchunguza utoro wa wanafunzi wakati wa kilimo. Mmoja anaamini kwamba shule ni daraja la kumtoa mtoto kijijini. Yeye atauliza: ni kitu gani katika familia hizi kinachomzuia mtoto kuhudhuria? Wa pili anaamini kwamba shule ni nyenzo ya kukijenga kijiji. Yeye atauliza: ni kitu gani katika kalenda ya shule kisichopatana na kalenda ya shamba? Daftari la mahudhurio ni lile lile. Hata hivyo wa kwanza ataandika juu ya upungufu wa wazazi, na wa pili juu ya upungufu wa shule. Hakuna atakayesema uongo, lakini hatua zitakazochukuliwa baada ya ripoti hizo mbili hazitafanana hata kidogo.

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru nchi hizi chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufanya kazi Hampton, chuo cha Wamarekani weusi huko Virginia kilichosifika kwa mafunzo ya kilimo na kazi za mikono. Ripoti yake ya 1925 ilisisitiza elimu inayolingana na maisha ya kijijini. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba. Jembe ni lile lile, lakini shabaha ni mbili: la kwanza lilikubaliana na utawala wa kikoloni, la pili lilikusudiwa kujenga jamii ya watu sawa. Tena Mwalimu alitaja kwanza misingi ya jamii aliyoitaka, ndipo akaieleza shule. Msomaji asiyekubaliana naye alijua mahali pa kuanzia ubishi wake.

Pili, chombo. Robert Serpell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia, alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, katika kunakili maumbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huuchezea kila siku wakiunda magari yao, watoto wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Mtafiti ambaye angekuja na kalamu peke yake angerudi kwao akiandika kwamba watoto wa Lusaka ni wazito, na takwimu zake zingekuwa sahihi. Serpell alichunguza pia vijiji vya Wachewa, mashariki ya Zambia, akaona kwamba neno lao la akili, nzelu, halimaanishi wepesi wa kufikiri peke yake. Lina ndani yake uaminifu wa mtoto anayetumwa akatumika. Ni mtihani gani wa darasani unaolipima hilo?

Tatu, ushauri. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walichunguza hali ya lugha mashuleni Tanzania, wakaona kwamba wanafunzi hawayamudu masomo kwa Kiingereza. Wakashauri Kiswahili kitumike. Tume ya Rais ya Elimu, katika ripoti yake ya 1982, ilipendekeza mabadiliko hayo yaanze sekondari mwaka 1985. Halafu, mwaka 1984, wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakaona tatizo lile lile na kulieleza kwa maneno makali. Lakini wao walishauri Kiingereza kiendelee na kitiliwe nguvu. Pendekezo la Tume halikutekelezwa. Ugonjwa uliotajwa ni mmoja, dawa ni mbili zinazopingana. Tofauti haikutoka katika vipimo, bali katika kile ambacho kila upande ulikithamini.

Je, utafiti wa elimu basi ni maoni matupu? La, hasha. Criper na Dodd walitetea Kiingereza, na bado ushahidi uliwalazimisha kukiri kwamba hakieleweki madarasani. Hali kadhalika, watoto wa Lusaka wangeshindwa kwa waya pia, maelezo ya mazoea yangeanguka. Utafiti wa kweli ni ule unaoweza kumkatalia mwenyewe. Mtafiti hawezi kutokuwa na mtazamo, lakini anaweza kuutangaza mapema, kutenganisha waziwazi alichokiona na anachokitaka, na kuwarudishia matokeo wale aliowachunguza ili waseme kama wanajitambua humo.

Mwalimu na mwanafunzi wa sekondari hawana budi kuisoma ripoti yoyote ya elimu kwa maswali matatu: Swali hili ni la nani? Chombo hiki kimezoewa na nani? Ushauri huu umetoka katika ushahidi, au umeongezwa juu yake? Mazoezi yaanzie darasani: kabla ya kuhesabu chochote, kila mwanafunzi aandike anachotarajia kukiona na sababu yake, kisha alinganishe na hesabu. Kazi hiyo haihitaji maabara. Bila zoea hilo, mtoto wa Mbebe ataendelea kupimwa kwa mizani asiyoijua, na kuambiwa kwamba upungufu ni wake.